Usikubali Kufungwa Kidevu

Mwanangu Koku,

Nimechefuka. Naanza hivyo kwa sababu sina pa kuanzia kwingine, na salamu utanipa mwenyewe kesho asubuhi ukipiga magoti mbele ya wageni. Shangazi yako Kezia amepita dirishani sasa hivi na beseni la vitunguu, anaimba wimbo wa kanisani kana kwamba hakusema lolote leo. Mimi maneno yake bado yamenikaa tumboni kama sato aliyechacha.

Nyumba yetu hii unaijua, ukuta wa chumba na chumba haufiki hata darini. Asubuhi, wanawake walipokutandikia mkeka na kufunga mlango ili wakufunde, mimi nilikuwa upande wa pili natafuta viatu vyangu. Sikutega sikio. Mambo ya kitanda cha binti yangu siyataki, na mila yetu hainiruhusu kuyasikia. Lakini Kezia ana sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mlima. Akasema: "Koku, mwanamke hakoromi. Ukikoroma kwa watu watasema umelelewa zizini. Mwache mume alale kwanza, wewe kaa macho. Akishazama ndipo ujinyooshe, na uamke kabla yake. Ukishindwa, kuna hiki hapa." Wanawake wakacheka. Wewe sikukusikia.

Nikamwuliza mama yako hicho "hiki hapa" ni kitu gani. Akanitolea kitambaa cheupe, kirefu, akajifunga nacho ili nione: kinaanzia chini ya kidevu, kinapita masikioni, fundo linakaa utosini. Usiku mzima mdomo umefungwa, mwanamke hatoi sauti, mume anasifu.

Koku, mimi nimeandaa maiti za ukoo wetu, ya baba yangu ikiwa ya kwanza. Najua kitambaa cha namna hiyo hufungwa kidevu cha nani. Kumkabidhi bibi harusi kitu kile, tena kwa kicheko, tena katika nyumba yangu! Nilitamani kutema mate palepale kwenye sakafu aliyokwisha kuipiga deki mama yako.

Ndiyo maana naandika. Baba haketi na binti yake kuzungumza namna binti anavyolala. Nikikuita hapa tutatazama chini wote wawili na hakuna litakalosemwa. Kwa hiyo nimechana kurasa za katikati za daftari la mdogo wako, naye atanuna, maana madaftari yameadimika siku hizi kama sabuni. Sitakuelekeza jinsi ya kuishi na mama mkwe, wala jinsi ya kutunza shamba la migomba huko Bukoba. Umeshaambiwa na watu wengi mpaka masikio yamechoka. Mimi nina neno moja: unaumwa. Si malezi mabaya, si uvivu, si mkosi. Pumzi yako inakatika ukiwa usingizini, kama yangu, na ukifuata mashauri ya Kezia utaumwa zaidi.

Nikueleze jinsi nilivyojua, maana njia niliyopitia inanitia kinyaa hadi leo na sitaki uipite.

Ulikuwa mdogo sana. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na nilikuwa nakoroma. Tena nilisifiwa kwa hilo! Hapa Kirumba mtu akikoroma wanasema ameshiba. Jirani akipita asubuhi alikuwa anapaza sauti: "Mzee, jana ulikula nyama, tumesikia!" Mama yako naye alikuwa akitamba bombani, eti wenzake wanalala na waume, yeye analala na injini ya meli. Walicheka wote, nami nilijiona bwana mkubwa. Wakati huohuo nilikuwa naamka ulimi umekauka, kichwa kinagonga, usiku nimetoka kwenda chooni mara nisizoweza kuzikumbuka. Jua likipanda kidogo tu macho yanafumba yenyewe. Nilikuwa nasahau majina ya watu. Nilikuwa nagombana na kila mtu kwa jambo la bure, hata kwa chumvi.

Lakini hakuna aliyeunganisha usiku wangu na mchana wangu. Usiku niliitwa tajiri, mchana niliitwa mvivu. Na enzi zile, mwanangu, hakukuwa na tusi zito kuliko hilo.

Siku moja tuliitwa Buswelu, nyumba kumi kumi, kujenga madarasa kwa kujitolea. Nilichota maji, nikakanyaga udongo, kisha nikakaa juu ya rundo la matofali kungoja zamu yangu. Basi. Nilipofumbua macho nilikuwa katikati ya duara la watu. Mate yalikuwa yamenitiririka mpaka kifuani na nzi wametua juu yake. Mjumbe wetu, amevaa shati lake la kijani lililopigwa pasi, alikuwa ameninyooshea kidole.

"Ndugu wananchi," anasema, "mmekuwa mkiuliza kupe anayenyonya jasho la wenzake anafananaje. Mtazameni! Wenzake wanajenga taifa, yeye anakoroma. Haya, watoto, mwimbieni kupe wenu."

Watoto wakaimba. Wewe ulikuwa miongoni mwao, umevaa gauni la njano, unapiga makofi na kuruka. Hukujua kupe ni nani, ulijua tu kwamba kuna wimbo. Uliponiona nakutazama ukaimba kwa nguvu zaidi, kwa furaha ya kumwona baba.

Sina kinyongo nawe, mtoto anajua nini. Mjumbe ndiye siwezi kumfikiria bila kukunja uso. Sikumbuki kama alibeba hata tofali moja siku ile, maana lile shati lilibaki safi. Aliona mtu mzima anatoka mate na kukoroma kwenye jua kali, watu wanapiga kelele pembeni yake asiamke, na wazo la kwamba huenda mtu huyo ni mgonjwa halikumjia. Wala halikumjia mtu yeyote kati ya wale waliosimama. Lakini wimbo ulipatikana upesi.

Habari ilifika kiwandani kabla yangu. Wakaniondoa kwenye mtambo, wakanipa ufagio wa uani. Kwa kweli walifanya vizuri, maana mtu anayesinzia karibu na visu vya mtambo atapoteza mkono. Kilichonichukiza ni sababu waliyoisema, kwamba sina moyo wa kazi. Mimi!

Kisha ukaja ukoo. Kezia, huyuhuyu wa kitambaa, alisema ni jinamizi linanikaba. Akaleta mtu kutoka mbali, ananuka ugoro, ambaye alichoma manyoya na kwato akanifunika blanketi juu ya moshi ule, halafu akaninywesha kitu cheusi. Niliharisha mpaka miguu ikalegea. Usiku nikakoroma vilevile. Kezia akasema jinamizi limekaidi, niongezewe dawa. Nilikwenda pia hospitali. Nikasema tu, "Nalala mchana." Wakanipima malale, hawakuyaona, wakanipa vidonge vya malaria nikarudi nyumbani. Nao siwalaumu sana, maana niliwaambia nusu ya habari. Nusu nyingine sikuwa nayo. Ningeijuaje, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelala?

Aliyeiona ni mama yako, tena mchana kweupe. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, nimekula, nikajilaza chali kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Yeye alikaa kando anachagua choroko. Usiku alikuwa akinisikia tu gizani, na akichoka anajifunika kanga masikioni. Siku ile alinitazama.

Alinisimulia hivi: "Ulikoroma, halafu ukanyamaza ghafla. Nikashukuru. Kisha nikaona kifua kinahangaika, tumbo linapanda na kushuka, lakini kimya. Nikakuwekea kiganja puani, hakuna kitu. Baba Koku, hakuna kitu! Midomo ikaanza kuwa kama ya mtu aliyetolewa ziwani. Nilipofungua kinywa nipige kelele, ukashtuka, ukavuta pumzi kwa mkoromo mmoja wa kutisha, ukaendelea kulala kama hakuna lililotokea. Nikasema labda ni mara moja. Ikarudi. Ikarudi tena. Choroko zote zilimwagika."

Nilipoamka alikuwa amekaa palepale, analia. Nami nikamwambia nimelala vizuri sana! Hivyo ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Unakukaba mara chungu nzima na asubuhi hukumbuki hata moja.

Safari hii tulikwenda hospitali wawili, na mama yako ndiye aliyesema. Daktari alikuwa kijana, hakucheka. Alimwambia, "Mama, rudia tena taratibu, ile ya kimya." Kisha akanitazama kooni kwa tochi, akanipima shingo, akanigeuza uso kuangalia kidevu. Akasema tunapolala nyama za koo hulegea, za kila mtu. Kwa wengine hulegea mpaka zinaziba njia ya hewa, kama mrija laini uliolowa unapouvuta kwa mdomo, kuta zake zinanatana. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Mwili unapoona unakufa, unakuamsha kidogo tu, upate pumzi moja, halafu unakurudisha usingizini. Mchezo huo unaendelea hadi asubuhi. "Mzee," akasema, "wewe husinzii mchana kwa sababu ya uvivu. Unasinzia kwa sababu usiku hulali."

Koku, nilitamani mjumbe awepo pale.

Akatuambia pia kwamba si kila anayekoroma anaumwa. Wengi wanapiga kelele tu na kuudhi watu. Cha kuogopa ni mkoromo unaokatika, kimya, kisha kushtuka kama mtu anayezama; na mchana usingizi usioisha, kichwa asubuhi, mdomo mkavu, hasira, usahaulifu. Unene huzidisha, pombe huzidisha, na vidonge vya usingizi asithubutu mtu kunipa. Lakini wembamba pia wanapata, hasa wenye kidevu kifupi kilichorudi nyuma, au wenye mafindofindo makubwa. Ukiachwa miaka, moyo unachoka na damu inapanda. Nikamwuliza dawa. Akasema ya kumeza haipo. Wale walio hoi kabisa, huko kwenye hospitali kubwa, hutobolewa koo wapumulie kwenye tundu. Akasema tuanze na yaliyo karibu: niache rubisi, ile pombe ya ndizi, nipungue tumbo, na nisilale chali kamwe, nilale ubavu.

Sasa mtu aliyelala utamlazimishaje kulala ubavu? Mama yako alichukua gunzi la mahindi, akalishonea mfuko mgongoni mwa shati langu kuukuu. Nikijiviringisha kulala chali, gunzi linanichoma, narudi ubavu bila hata kuamka. Hilo ndilo shati ulilokuwa ukilicheka ukilianika kambani, ukauliza kwa nini baba ana nundu. Tulikujibu kwa utani, na hapo tulikosea, maana aibu ile tuliilea sisi wenyewe mpaka ikakukuta wewe.

Gunzi halikuniponya kabisa. Lakini nakumbuka asubuhi moja, baada ya muda, niliamka nikasikia harufu ya chai. Nikakaa kitandani nainusa kama mjinga. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuamka akataka kitu.

Sasa wewe. Kidevu chako ni changu, pole. Ulipokuwa msichana mdogo ulikuwa unalala kimya. Lakini siku hizi mdogo wako anakupiga viwiko usiku, mama yako anasikia kule kukatika, ananishika mkono gizani tunasubiri wote wawili mpaka uvute pumzi. Kila asubuhi unashika kichwa na kusema malaria. Kwenye kwaya umesinzia umesimama. Siku ile sindano ya cherehani ilipokupita kidoleni pale kwenye chama chenu cha ushonaji, msimamizi alisema umezubaa. Hukuzubaa. Ulikuwa umelala, macho wazi nusu, mguu bado unakanyaga.

Na mtu kama huyo ndiye Kezia anamwambia akae macho usiku! Mtu ambaye hewa yake inapita kwa taabu ndiye anafungwa mdomo! Kitambaa chenyewe mama yako amekitia chini ya sufuria ya maharage, kimeungua, na Kezia akikuuliza mwambie baba yako ndiye aliyetoa amri.

Mashauri ya yule daktari umeshayasoma hapo juu, ni yako kama yalivyokuwa yangu. Ukifika Bukoba, nenda hospitali wakutazame koo, na usiende na nusu ya habari kama mimi. Ukipata mimba mwambie mkunga mapema, kwa sababu mwili ukijaa jambo hili linaweza kuzidi. Mengine utayapima mwenyewe.

Lakini kuna hili ambalo limenikalisha hapa mpaka mama yako amewasha taa. Ugonjwa huu mwenyewe huuoni. Hata ungekuwa na akili za namna gani, huuoni, kwa sababu unapokuja wewe hupo. Anayeuona ni yule aliye kando yako, basi. Mimi nipo hai kwa sababu mwanamke aliacha choroko akanitazama. Ukimficha mume wako, ukamsubiri alale kwanza ili asikusikie, utakuwa umemfumba macho mtu pekee anayeweza kukuokoa. Na wote waliokuwa kwenye ule mkeka asubuhi wangeita jambo hilo adabu.

Nikamfikiria Novati, bwana harusi wako. Ni kijana mpole, ni mwalimu, anaandika herufi nzuri ubaoni. Lakini siku hizi nimekinai upole wa watu. Hata waliosimama Buswelu walikuwa majirani wapole. Nikajiuliza, huyu akiona mkewe anatoka mate na kukoroma kama nguruwe anayeburutwa, atafanya nini? Atacheka? Atahamia chumba kingine? Atamrudisha kwetu?

Sasa nikuambie nilichofanya mchana, na ukasirike kama utakasirika.

Novati alikuja kuleta mabenchi kutoka kanisani. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Ingia ndani." Nikafunga mlango. Nikamwambia, "Keti hapo, unitazame. Mimi nalala."

Alidhani nimekunywa. "Baba, basi mimi ningoje nje."

"Ukitoka nje, kesho hakuna harusi."

Unajua kwetu mkwe kwa mkwe ilivyo. Hatuketi mkeka mmoja. Kunipa maji tu anainama na kutazama pembeni. Kunigusa hawezi, na kuniona nimelala, mdomo wazi, ni jambo ambalo wazee wangelitoza faini. Mimi mwenyewe najichukia nikilala. Nimeshaonwa mara moja na umati, sikutaka kuonwa tena na mtu yeyote hadi naingia kaburini. Nililiacha lile shati la gunzi, nikalala chali kwenye mkeka mbele ya kijana atakayemwoa binti yangu, nikafumba macho. Kulala mchana kwangu si kazi. Kabla sijamaliza kuona haya nilikuwa nimeondoka.

Nilipoamka nilikuwa nimelala ubavu. Chini ya kichwa kulikuwa na koti limekunjwa. Novati alikuwa amepiga magoti sakafuni, jasho linamtoka.

Nikasema, "Umeona nini?"

"Baba, ulikata pumzi. Nikakuita, hukusikia. Ukarudi, ukakata tena. Nikaogopa kukugusa. Nikatazama mlango, hakuna mtu. Mara ya tatu nikasema wazee watanisamehe, nikakushika bega, nikakugeuza."

Yeye ndiye aliyeendelea, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. "Koku alisinzia nikiwa namsomea barua ya baba yangu. Na tulipokwenda Ilemela kwa mjomba, alisinzia kibarazani nikiwa katikati ya maneno. Nilidhani nimemchosha. Nilidhani hanitaki, anaogopa kusema." Kisha akauliza, "Naye ni hivi?"

Nikamwambia, "Hilo atakujibu yeye." Sikukutaja, mwanangu. Neno hilo ni lako, nimekuachia.

Akaitikia kwa kichwa. Hapo nikadhani mate yamenikauka shavuni, nikainua mkono kujifuta kwa haraka. Shavu lilikuwa safi. Nikamwona anakunja leso, ile nyeupe mpya aliyoipata kwa foleni kwa ajili ya kesho kanisani. Ilikuwa imelowa. Hakuishika kwa ncha za vidole, wala hakukunja uso. Aliikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa shati.

Baba yako